Mimbari Wakati wa Mlolongo

Februari 1988 wanachama wa chama tawala, KANU, kote Kenya walikusanyika katika viwanja vya shule na mbele ya ofisi za machifu kuteua wagombea wa ubunge. Hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Kila mgombea alikuwa na wakala aliyeinua picha yake juu, na mpiga kura alitakiwa kwenda kusimama nyuma ya picha ya mtu anayemtaka, mbele ya macho ya chifu, ya mwajiri wake, na ya mwenye duka anayemkopesha unga. Utaratibu huo wenyewe waliuita mlolongo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amekwisha kuingia bungeni, bila haja ya kupigiwa kura ya siri mwezi uliofuata.

Watu walisimama, wakahesabiwa, kisha wakasikia matokeo ambayo macho yao hayakuyaona. Sehemu nyingi mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi dhidi ya mwenye foleni iliyozunguka uwanja. Na hapo ndipo palipokuwa na ubaya mkubwa wa mpango huo: karatasi za kura zikiibwa, huenda kesho zikapatikana zikahesabiwa upya mahakamani, lakini foleni ikishatawanyika haihesabiki tena. Ushahidi wote ulirudi nyumbani kwa miguu yake.

Nani angelisema jambo hilo hadharani? Tangu Juni 1982 Katiba ilikuwa imeifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, kwa hiyo chama cha upinzani hakikuwepo. Desemba 1986 Bunge liliwaondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali ulinzi wa kazi zao, na Agosti 1988 likawaondolea majaji pia, huku polisi wakiruhusiwa kumweka mshukiwa wa makosa makubwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani. Walimu wa vyuo vikuu na wanafunzi walikuwa wamekamatwa kwa wingi kwa tuhuma za kundi la Mwakenya, na wengi waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House jijini Nairobi. Gazeti la Beyond, la Baraza la Makanisa la NCCK, lilipochapisha habari za wizi katika uchaguzi wa 1988 lilipigwa marufuku mwezi huohuo wa Machi, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya gazeti.

Palibaki mimbari. Haikubaki kwa bahati tu. Rais Daniel arap Moi mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, muumini wa Africa Inland Church, na kila Jumapili jioni habari za televisheni zilianza kwa kumwonyesha akiwa ibadani. Falsafa yake ya Nyayo ilisimama juu ya maneno matatu, amani, upendo na umoja, ambayo yalisikika kana kwamba yametolewa katika nyaraka za mitume. Serikali iliyojipamba kwa ibada namna hiyo ingepata shida kuifunga milango ya kanisa. Maaskofu wachache wa Kianglikana walilielewa hilo mapema, na aliyelielewa kwa undani kuliko wote, kwa maoni yangu, ni David Mukuba Gitari.

Gitari alizaliwa tarehe 16 Septemba 1937 huko Ngiriambu, Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya. Baba yake, Samuel Mukuba, alikuwa mwinjilisti, miongoni mwa watu waliopeleka Ukristo wa Kianglikana katika vijiji vya huko kwa miguu. Mtoto alikulia katika nyumba ambayo Biblia ilisomwa kila siku na kuelezwa kwa watu wasiojua kusoma. Alisoma katika chuo kikuu cha Nairobi, akafanya kazi na wanafunzi Wakristo, akaenda Uingereza kusomea theolojia, na mwaka 1971 akawa katibu mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya. Kazi hiyo ilimfundisha kitu ambacho wanasiasa walichelewa kukitambua: karibu kila kaya ya Kikristo nchini ilikuwa na Biblia, ya Kikikuyu, ya Kijaluo, ya Kikamba, au ile ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952. Msikilizaji wa kijijini alizijua hadithi za Ahabu na Nabothi, za Kaini na Habili, za Danieli na wale simba. Mhubiri hakuhitaji kutaja jina la mtu. Alihitaji kuisoma hadithi vizuri.

Jaribio la kwanza lilikuja Machi 1975. Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, aliyependwa na wanyonge na kujulikana kwa jina la JM, aliuawa, na mwili wake ukapatikana katika vilima vya Ngong. Nchi ilitetemeka kwa hasira. Siku hizo Gitari alikuwa na zamu ya kutoa mahubiri mafupi ya asubuhi katika redio ya taifa, Sauti ya Kenya. Akaichukua hadithi ya Kaini kumwua ndugu yake na swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini baadaye. Wakubwa wa redio walishtuka. Hakuna lililokuwa limetajwa zaidi ya maneno ya kitabu cha Mwanzo, lakini kila aliyekuwa akinywa chai asubuhi hiyo alijua damu inayozungumzwa ni ya nani. Miezi michache baadaye, Julai 1975, Gitari aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Mount Kenya East.

Ni vema nikatize hapa niseme kwamba huyu hakuwa askofu wa siasa peke yake. Dayosisi yake iliyopanuka hadi nyanda kame za kaskazini ilijenga zahanati, ikafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, ikachimba visima. Hata maswali ya ndoa aliyashika kwa mikono yake. Kwa miaka mingi makanisa ya misheni yalimtaka mwanamume mwenye wake wawili au watatu awafukuze wote ila mmoja kabla ya kubatizwa, na walioumia ni wanawake na watoto waliotupwa nje kwa jina la Kristo. Gitari aliandika na kusema kwamba hilo ni dhambi kubwa kuliko ile inayotibiwa. Mwaka 1988, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana katika mkutano wa Lambeth huko Uingereza, walikubali azimio lililotokana na juhudi za upande wa Kenya: mwanamume mwenye wake wengi anayeamini anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake, mradi aahidi kutooa tena maadamu yupo hai mke yeyote kati ya hao, na jumuiya ya kanisa lake ikubali. Asilazimishwe kumwacha yeyote. Mtu aliyeshughulikia haki ya mke wa tatu katika boma la Wambeere hakuwa na sababu ya kunyamaza juu ya haki ya mpiga kura.

Mlolongo wenyewe ulipitishwa na KANU Agosti 1986. Mwezi huohuo wachungaji wapatao 1,200 kutoka makanisa ya NCCK walikuwa wamekutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wakatamka kwamba hawatashiriki kura ya namna hiyo. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito kwa wakati mmoja. Mchungaji anayesimama nyuma ya picha ya mgombea mmoja, waumini wake wakimwona, Jumapili inayofuata atawagawia vipi ushirika wale waliosimama upande wa pili? Serikali ilijibu kwa kusema kwamba viongozi wa dini wangeweza kuachiliwa wasisimame kwenye foleni. Jibu hilo lilionyesha kwamba swali halikuwa limesikika, kwa maana wachungaji hawakuwa wakijitetea wao tu, walikuwa wakimtetea mama wa sokoni aliyelazimika kuonyesha siri ya moyo wake mbele ya chifu atakayemwandikia kibali kesho.

Kanisa halikuwa kitu kimoja katika hilo, na historia isiyosema hivyo inadanganya. Africa Inland Church, kanisa la Rais, ilijitoa katika NCCK kwa sababu ya msimamo huo, na kanisa la Full Gospel likafanya vivyo hivyo. Wako wahubiri wengi waliofundisha kwamba sura ya 13 ya waraka kwa Warumi inamtaka Mkristo atii mamlaka basi, na mjadala umekwisha. Viongozi wa KANU wa wilaya waliwashangilia hao na kuwataja maaskofu wakorofi kwa majina katika mikutano ya hadhara.

Juni 1987 Gitari alihubiri Nyeri, akichukua sura ya 6 ya kitabu cha Danieli. Watu wanaikumbuka sura hiyo kwa ajili ya simba, lakini yeye alikaa sana katika aya za mwanzo ambazo wahubiri huzipita haraka. Mfalme Dario hakuwa na nia mbaya na Danieli. Waliokuwa na nia mbaya ni mawaziri na maliwali wake, walioona mtu mwaminifu anawazuia kula, wakamwendea mfalme wakamsifu, wakampelekea sheria iliyokwisha kuandikwa, naye akaitia sahihi bila kuwauliza watu wengine inawahusu vipi. Kisha sheria hiyo haikuweza kurudishwa nyuma, na mfalme mwenyewe alikesha usiku kucha bila usingizi. Hiyo ilikuwa miezi michache tu baada ya Bunge kuibadilisha Katiba ya Kenya kwa haraka na bila mjadala wa kutosha.

Wanasiasa walilipuka. Kwa wiki kadhaa magazeti yalijaa majibu yao, wengine wakimtaka askofu aombe radhi, wengine wakimwambia aachane na siasa ahubiri Injili. Ndipo ustadi wa Gitari ulipoonekana wazi. Alikuwa ameeleza sura ya Biblia, aya kwa aya, katika kanisa, siku ya Bwana. Aliyesimama na kulalamika kwamba amesemwa, ndiye aliyejitaja kuwa miongoni mwa maliwali wa Dario. Namna yake hii ya kuhubiri aliitumia tena na tena: shamba la mizabibu la Nabothi kwa wanyakuzi wa ardhi, mchungaji mwema na mchungaji wa mshahara kwa wabunge. Aliandika mahubiri yake kabla, neno kwa neno, kwa sababu alijua kuna watu wamekaa kwenye benchi za nyuma wakiwa na vinasa sauti.

Mwaka 1989 alikuwa akisema bila kificho juu ya uchaguzi wa chama katika Kirinyaga, ambako aliyeshindwa kwenye foleni alitangazwa kuwa ameshinda. Usiku wa tarehe 21 Aprili mwaka huo, genge la watu wenye silaha lilivamia nyumba yake, likavunja milango. Askofu alipanda juu ya paa, akapiga mayowe. Majirani waliamka, wakaja mbio, wavamizi wakatoroka. Serikali iliahidi uchunguzi, lakini ripoti yake haikuwekwa mbele ya wananchi. Nasisitiza jambo moja katika tukio hilo: waliomwokoa askofu ni wanakijiji waliotoka usiku bila kujua ni nani atakayewakuta gizani. Walikuwa wamemsikia akiwasemea, nao wakamwitikia.

Magharibi mwa nchi walikuwako wengine wawili. Henry Okullu, askofu wa Maseno South tangu 1974, aliingia katika kazi hii kwa njia ya kalamu. Alikuwa mhariri wa gazeti la Kikristo la Target na ndugu yake wa Kiswahili, Lengo, na mwaka uleule alipofanywa askofu alichapisha kitabu kuhusu kanisa na siasa katika Afrika Mashariki. Januari 1983 alimpa upadri Lucia Okuthe, mwanamke wa kwanza kuupata katika Kanisa la Anglikana la Kenya, wakati wenzake wengi bado wanabishana kama jambo hilo linawezekana. Alexander Kipsang Muge wa Eldoret alikuwa kijana kuliko wote, Mnandi, aliyewahi kuwa askari wa kikosi cha polisi cha GSU kabla ya kuitwa katika uchungaji. Aliwekwa kuwa askofu mwaka 1983. Alisema kama askari: moja kwa moja, bila hadithi ya kujificha nyuma yake. Alipowakuta watu wa Pokot Magharibi wanakufa kwa njaa wakati wakuu wa huko wanasema chakula kipo, alisema wanakufa. Kwa vile alitoka katika jamii za Bonde la Ufa ambazo Rais alizihesabu kuwa zake, maneno yake yaliuma zaidi kuliko ya mtu wa Kirinyaga au Kisumu.

Mwaka 1990 mambo yalikwenda kasi. Siku ya kwanza ya mwaka, mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri Nairobi kwamba yaliyotokea Ulaya Mashariki, ambako serikali za chama kimoja zilikuwa zimeanguka moja baada ya nyingine, yaifikirishe Afrika pia. Februari waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa. Okullu akatoka akasema nchi inahitaji vyama vingi na Rais asizidi vipindi viwili. Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa mawaziri, wakasema hayo hayo mbele ya waandishi wa habari, na Julai wakatiwa kizuizini, siku tatu kabla ya ghasia za Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai.

Agosti waziri wa kazi, Peter Okondo, aliwaonya Okullu na Muge hadharani wasikanyage Busia. Wakienda, alisema, wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge akajibu kwamba atakwenda. Tarehe 14 Agosti alikwenda, akakutana na waumini, akaanza safari ya kurudi Eldoret. Njiani, huko Kipkaren, gari lake likagongana na lori la maziwa. Alifariki papo hapo, akiwa na umri wa miaka 40 na kitu. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye, na dereva wa lori akahukumiwa kifungo. Wakenya wengi hawakuamini kwamba ilikuwa ajali, na hadi leo hawaamini.

Kifo hicho kilifanya kile ambacho vitisho vilikusudiwa kukizuia. Kamati ya KANU iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilikuwa ikizunguka nchi kusikiliza maoni, na watu waliotarajiwa kusifu walisimama wakasema waliyokuwa wameyanyamazia. Kabla ya mwaka kwisha, mlolongo na ile kanuni ya asilimia 70 vilifutwa, na majaji wakarudishiwa ulinzi wao. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikaondolewa. Kikomo cha vipindi viwili, alichokidai Okullu, kikaingia katika Katiba kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, na ndicho kilichomtoa Moi Ikulu mwaka 2002. Ninajua wafadhili wa nje walikata misaada Novemba 1991, na kwamba mawakili na wanasiasa walilipa gharama kubwa. Hata hivyo wafadhili walikuja mwishoni. Wakati wa mlolongo wenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, sauti iliyosikika ilitoka kanisani.

Gitari alitawazwa kuwa askofu mkuu mwaka 1997. Tarehe 7 Julai mwaka huo waandamanaji waliodai marekebisho ya Katiba walikimbilia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, na polisi wakawafuata humo kwa mabomu ya machozi na marungu. Njoya alikuwa miongoni mwa waliopigwa. Gitari aliitisha ibada ya kulitakasa kanisa hilo. Mwishoni mwa 1999, wakati Bunge lilipotaka kuandika Katiba peke yake, makanisa, Waislamu na Wahindu waliungana katika jumba la Ufungamano, wakaunda tume yao ya wananchi, ambayo mwaka 2001 iliunganishwa na tume ya serikali, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Yash Ghai. Gitari alistaafu mwaka 2002, mwaka uleule Moi alipoondoka.

Kilichofuata kinahuzunisha. Serikali mpya ilikuwa na marafiki wengi wa maaskofu, na maaskofu wakaona vigumu kuwakemea marafiki. Katika kampeni za 2007 viongozi wa makanisa waligawanyika kwa makabila yao, wengine wakawaombea wagombea wao madhabahuni na kuwatabiria ushindi. Ghasia zilipolipuka baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008, katika kijiji cha Kiambaa nje kidogo ya mji wa Eldoret, mji wa Muge, kanisa lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Februari hiyo NCCK iliungama hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande, na kwa hiyo hawakuwa na sauti ya kuzuia mauaji.

Ungamo hilo ni la heshima, na linaeleza vizuri kuliko mwanahistoria yeyote kwa nini maneno ya Gitari, Okullu na Muge yalikuwa na uzito. Hawakuwa na mgombea. Foleni waliyoitetea ilikuwa ya mtu yeyote aliyesimama juani kwa haki. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia katika makanisa ya Anglikana, hatua nzuri iliyochelewa, ambayo bado inavunjwa na wachungaji wanaohitaji bati la paa na mchango wa harambee.

Gitari alifariki tarehe 30 Septemba 2013. Mahubiri yake aliyakusanya mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 1996, yakiwa na maelezo ya nani alikasirika na kwa nini. Mchungaji yeyote anayejiandaa kwa mwaka wa uchaguzi, Kenya au kwingineko, akitafute akisome kabla hajampa mwanasiasa kipaza sauti.